Kongo kati ya Washington na Beijing: nani analipa, na lini?

Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2025, Rais Félix Tshisekedi na Rais Paul Kagame walitia sahihi mkataba wa amani mjini Washington, mbele ya Rais Donald Trump. Siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikatia sahihi mkataba mwingine, ule wa ushirikiano wa kimkakati, ambao ndani yake madini yana nafasi kubwa. Haikupita wiki moja, waasi wa AFC/M23 wakaingia Uvira. Makumi ya maelfu ya wakaaji wakavuka mpaka kwenda Burundi.

Tangu hapo, sokoni, kwenye vituo vya motari na ndani ya kambi za wakimbizi, swali ni lile lile: kama Kongo imewapa Wamarekani nafasi kwenye madini ili wasaidie kuleta amani, amani yenyewe iko wapi? Na la pili linafuata: Wachina, ambao tayari wanashika migodi mingi ya Katanga, watanyamaza tu?

Kwa kweli hayo ni swali moja. Nchi isiyo na nguvu inaishi vipi katikati ya wakubwa wawili wanaoshindana? Historia inaonyesha kwamba inawezekana, tena inawezekana kupata faida. Lakini kuna sharti. Nchi hiyo ijue inatoa nini, inalipwa nini, malipo yanafika lini, na nani anapata hasara kama tarehe imepita bila malipo. Kwa upande wa amani ya mashariki, hapo ndipo kontra ina tundu.

Kubwa kwa udongo, ndogo kwa nguvu

Kwenye ramani Kongo si nchi ndogo. Ni ya pili kwa ukubwa Afrika, nyuma ya Algeria. Lakini katika mambo ya diplomasia, ukubwa haupimwi kwa kilomita. Nchi inakuwa ndogo pale wengine wanapoweza kuamua mambo yake bila kuogopa hasara yoyote. Goma ilianguka mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa 2. Baada ya hapo ilionekana wazi kwamba Kinshasa haiwezi kurudisha miji hiyo kwa jeshi lake peke yake. Ikabidi itafute nguvu mahali pengine.

Nguvu hiyo ilikuwa karibu: mashindano ya wakubwa wenyewe. China inataka shaba na kobalti ya Kongo iendelee kuingia kwenye viwanda vyake. Marekani inaogopa kwamba siku moja Beijing itafunga bomba, na viwanda vyake vya silaha, magari na simu vikose madini. Kila mmoja anaogopa mwenzake asichukue vyote. Woga huo ndio mtaji wa nchi ndogo.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa mtu anayeshika vibaya. Lakini Kongo ilishajaribu pia kushika moja, na haikuisha vizuri.

Somo la Lumumba na la Mobutu

Mwaka 1960, siku chache baada ya uhuru, jeshi liliasi na Katanga ikajitenga. Patrice Lumumba aliomba msaada wa ONU, kisha mwezi wa 7 akasafiri mpaka Washington. Wamarekani hawakumpa msaada wa moja kwa moja. Walimrudisha kwa ONU. ONU nayo ilikataa kutumia askari wake kumaliza utengano wa Katanga. Mwezi wa 8 Lumumba akapokea ndege na magari kutoka Umoja wa Kisovieti. Machoni pa Washington, hapo alikuwa amechagua upande. Mwezi wa 9 aliondolewa madarakani, na tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 aliuawa huko Katanga. Aligeukia mlango wa pili akiwa hana tena jeshi linalomtii, na wala hana kitu mkononi ambacho Wamarekani waliogopa kukikosa.

Mobutu alicheza tofauti. Alibaki rafiki wa Wamarekani, lakini mwaka 1972 alifungua uhusiano na Beijing, na mwaka 1973 alienda kukutana na Mao. Palais du Peuple ya Kinshasa, ambamo Bunge linakaa mpaka leo, ilijengwa na Wachina. Kwa miaka mingi mchezo huo ulimlipa, hata wakati raia walikuwa hawalipwi kitu. Lakini bei yake ilitegemea vita baridi. Vita hiyo ilipokwisha, Washington haikumhitaji tena, na mwaka 1997 alianguka bila mkubwa yeyote kuja kumwokoa.

Kuna jambo moja kwenye hadithi hizo mbili. Urafiki wa mkubwa unadumu muda ule ambao haja yake inadumu. Basi anayefanya kontra na mkubwa anapaswa kulipwa wakati haja ingali ya moto.

Djibouti: kukodisha bila kuuza

Kuna nchi moja ya Afrika ambayo imejifunza hilo vizuri kuliko nyingi. Djibouti ina watu karibu milioni moja tu, na udongo wake haufiki nusu ya Kivu Kaskazini. Haina kobalti wala koltani. Inacho kitu kimoja: imekaa kwenye mlango wa Bab el-Mandeb, ambapo meli zinapita kati ya Bahari ya Hindi na mfereji wa Suez.

Wafaransa wako na jeshi hapo tangu ukoloni. Wamarekani waliingia Camp Lemonnier mwaka 2002. Wajapani wakafuata mwaka 2011. Mwaka 2017 China ikafungua hapo kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi, kilomita chache tu kutoka kwa Wamarekani. Hakuna aliyefukuzwa ili mwingine apate nafasi. Kila mmoja analipa kodi ya nyumba. Mwaka 2014, Marekani ilikubali kulipa dola karibu milioni 63 kila mwaka, wakati mbele ya hapo ilikuwa inalipa kidogo zaidi.

Na mwenye nyumba anaweza kusema hapana. Mwaka 2013, baada ya ajali za ndege zisizo na rubani kuleta wasiwasi kwa usalama wa uwanja wa ndege wa raia, Djibouti ilitaka ndege hizo zihamishwe. Wamarekani wakazihamisha mpaka kwenye uwanja mwingine, nje ya mji. Nchi yenye watu kidogo kuliko mji wa Goma na vijiji vyake ilisema, na mkubwa akasikia, juu alikuwa na kitu cha kupoteza.

Lakini Djibouti si paradiso. Ilikopa China feza nyingi kwa reli ya kwenda Ethiopia na kwa bomba la maji. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilishindwa, ikasimamisha kwanza kulipa deni la China na la Kuwait. Kwa hiyo feza inayoingia kwa mlango wa kodi inaweza kutoka kwa dirisha la deni. Tena, rais wake Ismaïl Omar Guelleh anatawala tangu 1999, na wakubwa wote wenye kambi pale hawana haraka ya kumuuliza juu ya haki za raia. Usawa kati ya wakubwa unaweza kumlinda kiongozi bila kumfikia mwananchi.

Hata hivyo, tofauti na Kongo inaonekana. Djibouti inakodisha mahali, na mahali hapaishi. Kodi ina mwaka wake, na kontra ikimalizika wanakaa upya mezani. Madini yakishachimbwa hayarudi tena ardhini. Mtu anayeuza kitu kinachoisha anapaswa kuwa mkali zaidi juu ya tarehe ya malipo.

Mchina yuko ndani, Mmarekani anabisha mlango

Wamarekani waliwahi kuwa ndani. Mgodi wa Tenke Fungurume, katika Lualaba, ulikuwa chini ya sosiete ya Marekani Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 iliuza sehemu yake kwa sosiete ya China inayoitwa leo CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Wakati huo Washington haikuona matata. Leo inaona.

Na kontra ya Wachina nayo imeshaonyesha tundu lake. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 ulikuwa wa kubadilishana: Wachina wachimbe shaba na kobalti, na Kongo ipate barabara, hospitali na majengo ya dola bilioni 3. Mwezi wa 2 mwaka 2023, wakaguzi wa feza za serikali, IGF, walisema kazi zilizolipwa mpaka wakati huo zilifika milioni 822 tu. Kinshasa ikarudi mezani. Mwaka 2024 wakakubaliana bilioni 7 kwa ajili ya barabara na majengo, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka, mradi bei ya shaba isianguke.

Angalia wakati. Kinshasa ilipata masharti mazuri zaidi kwa Wachina pale ambapo Wamarekani walikuwa wameanza kurudi na miradi yao. Mlango wa pili ukiwa wazi, aliye ndani anakuwa mpole. Ndiyo faida ya kuwa na wawili.

Kwa reli ni vilevile. Marekani inasaidia njia ya Lobito, ya kupitisha madini ya Katanga kupitia Angola mpaka Bahari ya Atlantiki. Shirika lake la DFC lilikubali mkopo wa dola milioni 553 kwa kazi hiyo. Upande wa Angola, reli hiyo ilikuwa imejengwa upya na Wachina mpaka mwaka 2014. Sasa China inatengeneza tena TAZARA, reli ya Zambia na Tanzania, ambayo yenyewe iliijenga miaka ya 1970, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Shaba ni ile ile, njia ni mbili. Angola, Zambia na Tanzania hazikuombwa kuchagua rafiki, na hazikuchagua.

Bei inatoka Kolwezi, amani inangojewa Uvira

Mkataba wa ushirikiano wa 2025 unasema Kongo itatengeneza orodha ya maeneo ya madini, na sosiete za Marekani zipewe nafasi ya kwanza kutoa ombi lao kwenye maeneo hayo. Hilo ni jambo la wazi, linalopimika. Orodha ipo au haipo. Nafasi imetolewa au haikutolewa.

Upande wa amani haupimiki hivyo. Na penye tarehe, tarehe imepita. Makubaliano ya kwanza, ambayo mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2025, yalitaja siku 90 kwa kazi kubwa: kuwaondolea nguvu FDLR, na Rwanda kuondoa vile inavyoita hatua za kujilinda, maana yake askari wake. Siku 90 zilikwisha mwezi wa 9. Mwezi wa 12 Uvira ikaanguka.

Je, Washington haina nguvu? Hapana, inayo. Mifano miwili inaonyesha hilo.

Mwezi wa 3 mwaka 2025, M23 walifika Walikale-centre. Mgodi wa bati wa Bisie, ambao peke yake unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia na ambao wakati huo ulikuwa na mtaji wa Kimarekani ndani, ulisimamisha kazi. Kisha M23 wakatangaza kuondoka, na mwanzoni mwa mwezi wa 4 wakaondoka. Mwezi huohuo mgodi ukaanza kufungua tena.

Mfano wa pili ni Uvira yenyewe. Uvira haina mgodi kama wa Bisie. Lakini kuangushwa kwake siku chache baada ya sherehe kuliwatia haya Wamarekani mbele ya dunia. Wakabana, na AFC/M23 wenyewe wakasema wanaondoka kwa ombi la wapatanishi wa Marekani. Mwezi wa 1 mwaka 2026 wapiganaji wao walitoka mjini.

Mifano hiyo haisemi kwamba wakubwa hawajali raia hata kidogo. Inasema kitu kingine: mkubwa anasukuma haraka pale ambapo mali yake au heshima yake imeguswa. Kijiji cha Lubero, cha Mwenga au cha nyanda za juu za Fizi, kisicho na mgodi wa sosiete kubwa wala kamera, hakina mali ya mtu wala heshima ya mtu ndani yake. Na Rubaya, huko Masisi, ambayo inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024. Madini yake yanaendelea kufika sokoni bila Kinshasa. Mnunuzi ambaye anapata bidhaa hata vita ikiwepo hana haraka sana ya kuimaliza.

Ndiyo maana wakaaji wa mashariki wana haki ya kuona kitu kisicho sawa hapa. Sehemu kubwa ya bei inatoka Kolwezi na Likasi, kwa shaba na kobalti. Amani inayolipiwa inangojewa Goma, Bukavu na Uvira. Anayelipa haoni risiti, na anayengoja hana kontra mkononi.

Kobalti: mlango ambao ufunguo wake uko Kinshasa

Kuna mfano mmoja ambapo Kongo haikungoja mtu. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilifunga kupeleka kobalti nje, juu bei ilikuwa imeanguka vibaya. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Wachina, ambao ndio wachimbaji na wasafishaji wakubwa, waliumia. Wanunuzi wa nchi za Magharibi nao waliumia. Hakuna aliyeweza kuipata kwa wingi kama huo mahali pengine. Mwezi wa 10 Kinshasa ilifungua tena, lakini kwa kipimo: kila sosiete na kiasi chake, jumla isipite tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili.

Kipimo hicho kina hatari zake. Bei ikipanda sana, watengenezaji wa betri wanahamia aina zisizotumia kobalti, na Indonesia inaongeza yake. Lakini kinaonyesha tofauti kati ya kuomba na kushika ufunguo. Hapo Kongo haikuchagua Washington wala Beijing. Iliweka bei, ikaweka tarehe, na wote wawili wakafuata.

Tanzania ya Nyerere iliwahi kuonyesha kwamba hata nchi maskini zaidi inaweza kufanya hivyo, kama iko tayari kulipa. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliikasirikia Tanzania juu ya Wajerumani Mashariki kuwa na ofisi Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na msaada mwingine uliobaki. Ilimgharimu. Lakini baada ya hapo kila mkubwa alijua kwamba pale Dar es Salaam hapana haina maana ya ndiyo.

Maswali matatu ya kuuliza

Kwa wakaaji wa mashariki, kuuliza kama Kongo ipende Amerika ama China ni kupoteza wakati. Wote wawili wako ndani na wote wataendelea kuwa ndani. Mwezi wa 2 mwaka 2025, azimio 2773 la Baraza la Usalama, linaloitaka Rwanda iache kusaidia M23 na iondoe askari wake, lilipata kura zote 15. Marekani na China ziliinua mkono pamoja. Kwa maneno, hakuna mkubwa aliyepinga. Kinachobaki ni vitendo, na kwa vitendo kuna maswali matatu ambayo mbunge wa hapa, chama cha kiraia na chombo cha habari wanaweza kuuliza kila mara.

La kwanza: orodha ya migodi inayopewa Wamarekani inatolewa yote kwa mara moja, ama kidogo kidogo, kila hatua ya amani na mgodi wake? Anayetoa yote siku ya kwanza hana tena cha kudai siku ya pili.

La pili: tarehe ikipita, nani anapata hasara? Siku 90 za mwaka 2025 zilipita bila maandishi ya makubaliano kutoa adhabu kwa yeyote. Tarehe isiyo na adhabu ni matumaini tu.

La tatu: amani inapimwa kwa nini? Kwa mgodi kufunguliwa, ama kwa mkulima wa Ruzizi kurudi shambani, shule kufunguliwa, na barabara ya Bukavu mpaka Uvira kupitika bila vizuizi vya kulipisha? Kama kipimo cha mgodi kimeandikwa na cha mkulima hakikuandikwa, itajulikana mapema nani atahudumiwa kwanza.

Mkataba wa ushirikiano umetolewa hadharani. Kazi iliyobaki ni kuusoma kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, mbele ya wale ambao amani yao imetajwa humo, kabla migodi ya kwanza ya orodha haijapata mwenyewe mpya.